Jinsi Sebene ya Mama Angèle Ilivyorudishwa Manika

Kaeni, enyi watu wa Manika na wa Mutoshi, na ninyi wa Kasulo mnaolala juu ya mashimo mliyoyachimba wenyewe! Zigeuzeni simu zenu kifudifudi, mwiteni na yule anayeosha sufuria, kwa maana habari ninayowaletea haijaletwa katika mji huu tangu udongo wake ulipopata wekundu. Nitawasimulia vita vya Jumapili moja mchana, vita vilivyopiganwa juu ya meza ya plastiki, kati ya binadamu mmoja na utepe mwembamba kuliko jani la kitunguu. Na jinsi mimi, Josias, mwana wa pili wa Edouard, nilivyoingia peke yangu, bila msaada wa mtu yeyote, ndani ya kaseti iliyokufa miaka ishirini na miwili, nikaitoa ikiwa hai.

Na kabla sijapiga hatua, liandikwe hili kwa wino mzito: mkono wangu huu wa kuume, tangu siku ulipoumbwa, haujawahi kudhuru kaseti ya mtu. Katika ukoo wetu mharibifu wa kaseti alikuwa mmoja tu, naye anajulikana hadi kwa majirani. Tutamfikia.

Basi ikawa, mwaka wa thelathini na tano wa ndoa yao, wazazi wetu walikusudia kufanya karamu. Tata Edouard, baba yetu, Mwenye Kola Iliyonyooka, karani mstaafu ambaye hata kuku akimhesabu humhesabu kwa safu, alitaka keki ya ghorofa mbili. Lakini Mama Angèle, Mlinzi wa Bati la Biskuti, alisimama katikati ya ua baada ya misa, akaweka mkono kiunoni, akanena mbele ya watoto wake watatu:

"Mi sitaki keki. Sitaki kikwembe mupya. Bageni bakifika saa tisa, minataka kitu moja tu: kucheza sebene yangu, ile bwana yangu alinitumia ku radio."

Hapo hata jogoo wa jirani akajizuia. Kwa maana kila mtu alijua ni sebene ipi.

Ninyi mliozaliwa na simu mkononi, sikilizeni. Zamani muziki haukuwa unamiminika hewani kama sasa. Uliandika barua kwenye redio, ukaomba wimbo, ukataja jina la umpendaye; kisha ukangoja wiki, pengine mwezi, umekaa karibu na radio-kaseti, kidole juu ya kitufe chekundu kama askari juu ya mpaka. Ndivyo alivyofanya Edouard kijana, mwaka wa 1988. Alikuwa amemwangusha Angèle kutoka kwenye baiskeli, ndani ya tope, akiwa na gauni jeupe, na Angèle alikuwa ameapa kutomwona tena hadi kiyama. Barua ikaandikwa. Mtangazaji akaisoma. Wimbo ukapigwa, nusu ya kwanza polepole, ya kuomba radhi, na nusu ya pili sebene, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanashika nyumba nzima. Edouard akainasa yote, akaipeleka kwa mkono wake Mutoshi. Angèle akaisikiliza mara moja. Kufika kwenye sebene, miguu yake ilisamehe kabla ya moyo wake.

Sisi watatu tumetokana na sebene hiyo. Bila magitaa yale, nisingekuwepo kuwasumbua.

Nayo ilikufa mwaka wa 2003. Siku moja kaseti ilikutwa kwenye mkeka wa kaka yetu mkubwa, matumbo yake yote nje, utepe umekatika. Kaka yetu Stany alikuwa na miaka kumi na mitatu, kiongozi wa kikundi cha wacheza dansi wa avenue yetu, na wiki ile alikuwa ameazima radio-kaseti kila jioni ili kufundisha wenzake. Nani angeuliza zaidi? Hukumu ilitolewa kabla ya supu kupoa. Stany akanyimwa radio-kaseti mwaka mzima, kikundi chake kikaenda kwenye mashindano ya fete ya shule bila kiongozi, kikashika nafasi ya mwisho, na yeye akapewa jina ambalo hata mke wake alilikuta likimngoja: Mula-Kaseti. Mimi mwenyewe nimelisimulia kosa hilo katika harusi, katika matanga, katika ubatizo, na kila mara nililiongezea utamu, hata ikafika mahali nikawa naona kwa macho yangu Stany akiutafuna ule utepe kwa chumvi.

Mama aliizika kaseti katika bati la biskuti, pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo.

"Mi nitaitengeneza," akanena Stany, mtu wa mabega kama lango, dereva wa malori ya mawe. "Munasema miye njo niliikula? Basi miye njo nitaitapika."

"Weye?" Tata Edouard akanyoosha kidole. "Weye hapana kusogea! Utakaa metre tatu mbali na hii kaseti. Stany, metre tatu! Miaka makumi mbili na mbili bibi yangu hajacheza sebene, sasa unataka kumaliza na mifupa?"

Stany akacheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu aliyezoea. Akarudi nyuma metre tatu. Mimi naapa niliziona hatua zake, alizihesabu.

Ndipo mimi nikainuka. Nikafunga kifungo cha shati, nikanyoosha shingo, nikahutubia:

"Tata mwenye nyumba! Mama mwenye sebene! Mbele yenu amesimama mwenye diploma ya taifa, tena ya sehemu ya elektrisite. Nipeni kisu cha mezani, mkasi wa kushonea, na skochi ya kubandikia. Kabla wageni hawajaugusa mlango, magitaa yatalia. Nami siombi kitu, ila mwilini mwa yule kuku wa karamu, kile kidogo kinachojulikana."

Wote walielewa. Firigisi! Katika nyumba yetu firigisi ya kuku huliwa na Tata peke yake. Mtoto anayeigusa ni kama amekalia kiti cha chifu. Tata akashusha pumzi, akamtazama mkewe, akasema, "Akiweza, akule."

"Eh, yaya Josias," akasema Mignonne, kitindamimba wetu, ambaye kwake kila kaka ni yaya, Mwenye Ulimi wa Wembe, akijiweka sawa kwenye benchi pembeni yangu. "Weye na diploma yako, robine ya maji ya jikoni ulitengeneza, tukaoga bote na nguo."

Shujaa hajibu watoto wa kike wa nyumbani. Nilikaa mezani.

Sasa nawaiteni, enyi mapile manne, betri za radio-kaseti, mliolala juu ya mabati tangu alfajiri, mkikusanya jua kama wazee wa kanisa wakikusanya michango! Kwa maana waya wa radio-kaseti uliliwa na panya zamani, na mapile yale yalikuwa nusu marehemu, ila mtu wa Manika anajua kwamba pile ikianikwa juani hufufuka kwa dakika chache. Nipeni dakika hizo! Na wewe, kalamu ya biki yenye pembe sita, uliyeumbwa na Mungu kwa ajili ya kuandika na kwa siri kwa ajili ya kuzungusha kaseti, usiniponyoke! (Ni kweli, mapile yalipandishwa juu ya mabati na Stany. Kalamu pia ilitoka mfukoni mwake, akanirushia kutoka metre tatu. Lakini mambo madogo kama hayo hayapunguzi neno "peke yangu".)

Nilifungua skrubu tano, ndogo kama mbegu za mchicha, kwa ncha ya kisu. Upepo ukavuma na vumbi jekundu, nikaifunika kaseti kwa kifua kama mama anavyomfunika mtoto. Mfuniko ukainuka. Nikashuka humo kama mchimbaji anavyoshuka shimoni Kasulo, sijui kama nitatoka na mawe au na majeraha. Nikazipata ncha mbili za utepe, zimejikunja kama miguu ya buibui aliyekufa. Nikazikata kwa mkasi, nikauweka mkasi pembeni, nikazilaza ncha kwa ncha juu ya bapa la kisu, nikabandika kipande cha skochi kidogo kuliko ukucha wa mtoto, nikakibonyeza huku nimeziba pumzi. Zikashikana! Kuku wa jirani alipita, akanitazama kwa jicho moja, akaenda kuwaambia wengine.

Kisha nikaanza kuzungusha. Kule Kingamyambo, udongo uliotupwa zamani kuwa taka unaoshwa upya, na shaba inatoka tena. Nami kila mzunguko wa biki uliosha mwaka mmoja ukaurudisha mezani ukiwaka.

Nikaiona nyumba ya Mama Louise, yenye televisheni pekee ya rangi katika avenue yetu, ambako kiingilio kilikuwa ndoo moja ya maji. Ukileta maji safi, unakaa kwenye mkeka. Ukileta yenye majani, unatazama dirishani, tena upande wa kisogo cha mtu mrefu. Nikawaona mama zetu wakililia wapenzi wa ng'ambo waliokuwa wakigombana kwa Kifaransa kisichoendana na midomo yao, na wiki ile ile watoto watatu wa mtaa wakabatizwa kwa majina yao, na mbuzi mmoja pia.

Nikakiona chumba cha video cha Manika, mabenchi, magunia madirishani, na mbele kabisa Tata Badibanga na fimbo yake, mfasiri wa filamu za karate. Hakujua neno moja la Kichina, wala hakuona sababu ya kulijua. Mzee mwenye ndevu nyeupe akifungua kinywa, Badibanga anagonga skrini na fimbo: "Anasema: weye uliua tata yangu kule Sandoa, leo utanilipa!" Nasi tukapiga makelele ya hasira. Nilifika darasa la sita nikiamini China iko mbele kidogo ya Sandoa, mji wa hapa hapa kwetu, ukishavuka mto. Na kila mtoto wa Manika alitaka kuwa mpiganaji, isipokuwa mimi. Mimi nilitaka kuwa Badibanga.

"Josias," akaita Mama kutoka jikoni, "itaimba?"

"Itaimba, Mama!"

Alikuwa amekwisha kubadili viatu. Amevaa vile vya kuchezea.

Nikaigeuza kaseti ili nifunge mfuniko. Na hapo, enyi wasikilizaji, adui wa kweli akajitokeza. Mgongoni mwa kaseti huwa kuna masikio mawili madogo ya plastiki. Ukiyavunja, hakuna awezaye kunasa sauti juu ya wimbo wako. Tata aliyavunja mwaka ule ule wa 1988, kulinda mapenzi yake. Lakini mtoto yeyote mwenye akili alijua dawa: ziba tundu, na kitufe chekundu kitakubali. Nami niliona tundu moja limezibwa. Limezibwa kwa bukari, ugali wetu wa kila siku. Bukari kavu, nyeupe, ngumu kama meno, na juu yake alama ya kidole gumba, kidogo.

Moyo wangu ukaanguka hadi kwenye ndala. Maana katika nyumba yetu aliyekuwa anatengeneza kila kitu kwa bukari, viatu, daftari, dirisha, alikuwa mmoja, na hakuwa Stany.

Nikaikumbuka siku yote kwa mkupuo, hata nilivyouvuta utepe, hata mkeka niliouchagua. Naam, nilisema hapo juu kwamba mkono wangu haujawahi kudhuru kaseti. Wino ulikuwa umekwisha kukauka.

Nikalibandua lile donge kwa ukucha, nikalirusha kimyakimya kwa kuku. Kuku akalionja, akalitema. Nikafikiri: utepe uko mezani, sehemu yenye ushahidi najua iko wapi, kukata ni kazi ya sekunde mbili, kisha nitasema umeoza. Mkasi ulikuwa pale karibu yangu. Niliutazama, nao ukanitazama. Kisha nikamtazama Mama mlangoni, na viatu vyake, naye akijifunga kikwembe upya kwa mara ya tatu, na nikasema moyoni: hapana, Josias, wewe ni mkubwa kuliko mkasi huu. Nikaikunja mikono yangu kifuani. Nikafunga skrubu zote tano. Wanaotafuta ushujaa wautafute hapo.

Saa tisa ua ulijaa. Radio-kaseti ikawekwa kwenye kiti, mapile yenye joto yakaingizwa, kaseti ikamezwa. Tata Edouard mwenyewe akabonyeza.

Kwanza upepo tu. Kisha, kutoka mwaka wa 1988, sauti ya mtangazaji: wimbo huu unaombwa na Edouard wa Cité Manika, kwa Angèle wa Mutoshi, akimwomba asahau ile habari ya baiskeli.

Mama akaweka mkono mdomoni. Magitaa yakaingia polepole, na Tata, aliyelalamikia goti tangu Pasaka, akaenda kumshika mkono kana kwamba goti lilikuwa la mtu mwingine. Wakacheza. Sahani ikaletwa mbele yangu, na ndani yake, peke yake, firigisi. Nikasikia watu wakinong'ona: njo huyu aliitengeneza, njo Josias. Sikukataa.

Mwimbaji akapaza sauti kuita sebene. Gitaa likapanda, Mama akainua kikwembe kidogo juu ya kifundo cha mguu...

KLAK!

"Muko wapi, bana-Manika!" Sauti ya mtoto, nyembamba kama filimbi. "Ni miye Josias, mufasiri namba moja! Huyu Muchina anasema: weye uliua tata yangu kule Sandoa! Mignonne, sasa kufa. Kufa basi!"

Na sauti ndogo zaidi, ya mtoto wa miaka minne: "Mi sitaki kufa."

Mimi nilikuwa natazama firigisi.

"Yaya Josias," ikaendelea ile sauti ndogo, "iko wapi muziki ya Mama?"

Humo ndani ya kaseti kitu kikaanguka.

"Umefuta muziki ya Mama. Nitakusema."

"Nyamaza! Hapana kusema. Nitairudisha. Ngoja, nitairudisha yote."

Kisha yule mtoto, enyi watu wangu, akaanza kuimba sebene. Kwa mdomo. Gitaa la kwanza, tingili-tingili, gitaa la pili, ngoma kwa kupiga tumbo lake; na aliijua, kila kona yake aliijua, na katikati sauti ikaanza kutetemeka kwa machozi, lakini hakuacha, tingili-tingili, akivuta makamasi mahali pa kupumulia.

Tata Edouard aligeuka, si kwangu. Aligeuka kwa Stany, ambaye hadi dakika ile alikuwa amesimama ukutani, metre tatu kamili. Tata akaichukua sahani iliyokuwa mbele yangu, akavuka ua, akaiweka mikononi mwa mwanawe mkubwa.

"Stany," akasema, "nilikosa. Miaka makumi mbili na mbili nilikosa."

Stany akatafuna taratibu, akinitazama, kwa muda mrefu kuliko firigisi inavyohitaji. Kisha akafuta midomo.

"Mudogo yangu," akasema, "hii gitaa yako ya mudomo, njo nzuri. Lakini ngoma inachelewa." Akaingia katikati ya ua, mtu mzima wa malori, akaanza kucheza zile hatua za fete ya shule, zote, kwa mpangilio, hata ile ya kuzunguka chini ambayo suruali yake haikuikubali. Na Mama Angèle, huku akicheka hadi machozi, akaiachilia miguu yake juu ya sebene ya mtoto anayelia, akacheza, akacheza, na kila mara yule mtoto wa kaseti aliposema tingili, Mama alinielekezea kidole. Mapile yaliishia kwenye tingili ya mwisho. Mama na Stany hawakukosa hata moja.

Basi liandikwe, lisomwe hata kwa wasiokuwapo: siku ile sebene ilirudi Manika, ikarudishwa na mkono wangu, na kama mkono huo huo ndio ulioiondoa, ni nani mwingine angejua njia ya kurudia? Stany amevuliwa jina, nami nimelirithi. Watoto wake, ambao mimi ni baba yao mdogo, sasa wananiita Tonton Mula-Kaseti. Lakini siku zitakapopita na majina kusahaulika, itabaki ile dakika moja ya juu kuliko zote, pale mkasi ulipokuwa karibu yangu, na mimi, kwa kumpenda mama, nikakataa kuukamata.

Nilipofika hapo katika kuandika, Mignonne, ambaye alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma kila mstari juu ya bega langu, alikohoa.

"Yaya."

"Nini?"

"Makasi gani ilikuwa karibu yako? Uliitafuta ku meza, ukaitafuta chini ya meza, ukapekua hata ku mufuko ya shati." Akaning'iniza midomo. "Nilikuona unatupia kuku bukari. Makasi, mi nilikuwa nimeikalia."